Mbwa, trela na mechi ya Hawkeyes: wikiendi kando ya mto Iowa

SWALI: Tunaishi Des Moines, mimi, mume wangu na watoto wawili. Septemba tunataka kwenda Iowa City kutazama mechi ya Hawkeyes, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Iowa, pale uwanja wa Kinnick, na tulale kambini kando ya mto, chini ya bwawa la Coralville, Ijumaa hadi Jumapili. Tumekodi trela ya futi 24 yenye plagi ya ampea 30. Tuna mbwa, Labrador wa miaka minne, kilo 30, hajawahi kulala nje ya nyumba. Je, tunaweza kumfungia ndani ya trela huku AC ikiwaka, sisi twende uwanjani? Na ni mambo gani mengine tujiandae nayo?

JIBU: Dada yangu, nianze na lile zito. Hapana, msimfungie. Mengine yote ya safari hii mkiyakosea mtapoteza usingizi au pesa. Hili likienda mrama mnampoteza mbwa. Kwa hiyo upangeni mwisho wa juma wote kuanzia hapo: saa zile mtakazokuwa uwanjani, mbwa atakuwa na nani?

Hesabuni saa kwanza. Mechi ya futiboli ya vyuo vya Marekani huchukua takriban saa tatu na nusu. Kinnick hubeba watu 69,250, na karibu wote huja na kuondoka kwa barabara zilezile chache. Kutoka bwawani hadi uwanjani ni kama robo saa siku ya kawaida. Siku ya mechi, ukijumlisha kutafuta maegesho, kutembea, kukaguliwa mlangoni na foleni ya kurudi, mtakuwa mbali na trela saa sita hadi saba. Mapumziko ya katikati ni dakika 20, hayatoshi hata kufika kwenye gari lenu. Ina maana umeme ukikatika kambini, hata kama mtajua palepale, mbwa atawasubiri dakika 40 mkiwa na bahati na saa nzima msipokuwa nayo.

Ndani ya muda huo joto halisubiri. Nje kukiwa na nyuzi 21 tu za Selsiasi, hali ya hewa ambayo watu huvalia sweta, gari lililofungwa juani hufika 32 ndani ya dakika 10, 37 ikifika dakika ya 20, 40 ikitimia nusu saa, na 45 ikitimia saa nzima. Trela ina hewa nyingi na kuta nene kidogo, hivyo hupanda polepole kuliko gari dogo, lakini inaelekea kulekule, na mwanzoni mwa Septemba huko Iowa nje kunaweza kufika 32 bila ajabu yoyote. Mbwa hapozwi na jasho kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, na hewa ikishakuwa ya moto na yenye unyevu, kuhema hakumsaidii tena. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya 38.3 na 39.2, likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Kwa nini AC huzima

Watu wengi hudhani AC ya trela ni kama ya nyumbani. Siyo. Plagi ya ampea 30 kwa volti 120 inatoa wati 3,600 kwa trela nzima. AC ya kawaida ya paani, ile ya BTU 13,500, hula ampea 12 hadi 15 ikiwa inakimbia, na wakati kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana. Hita ya maji ikiwashwa kwa umeme hula ampea 12 nyingine. Hapo mmeshafika 27. Microwave, ampea 13 hivi, ikiwaka juu ya hizo mbili, breka inaanguka. Ndiyo maana kosa la kawaida kabisa ni mtu kuosha vyombo kwa maji ya moto, kupasha chakula, kisha kufunga mlango na kuondoka bila kuzima hita.

Sababu ya pili haiko mikononi mwenu. Mwisho wa juma wa mechi kambi hujaa, kila nafasi ina AC, jiko la umeme na televisheni nje, na volti hushuka kwenye mstari mzima. Volti ikishuka, kompresa huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, inapata moto, na swichi yake ya ndani inaikata. Vifaa vizuri vya kulinda umeme wa trela hukata vyenyewe volti ikishuka hadi karibu 104, na ni sawa vikate, kwani vimewekwa kuokoa mashine. Lakini mashine ikiokolewa, aliyeko ndani anabaki bila ubaridi.

Ya tatu ni plagi yenyewe. Soketi ya kwenye nguzo ya umeme ya kambi iliyochomekwa na kuchomolewa miaka mingi hulegea, chuma hakigusani vizuri, panapata moto na plastiki huyeyuka. Baada ya AC kukimbia saa moja, shika plagi kwa mkono. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, zima breka ya nguzo na umwombe mlinzi wa kambi akuhamishe.

Kuna vipimajoto vinavyotuma ujumbe kwenye simu. Nunueni kimoja, na kiwe chenye laini yake ya simu, kisichotegemea Wi-Fi ya kambi. Kiwekeni kiwajulishe joto likifika 27 na pia umeme ukikatika, maana umeme ukikatika ndipo mnapokuwa bado na dakika za kutenda. Lakini jueni mipaka yake: watu karibu 70,000 wakiwa wanarusha picha kutoka sehemu moja, ujumbe unaweza kuchelewa kuingia. Kifaa hicho kinafaa mnapokwenda kuoga au kununua barafu kwa dakika 20. Hakiwezi kuwa mlezi wa mbwa.

Liko na suala la sheria. Kambi za Coralville zinaendeshwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, na kanuni zao za kitaifa zinasema mnyama aliyeachwa bila mtu anaweza kuchukuliwa na kuondolewa mara moja. Namna walinzi wanavyolitazama suala la mbwa aliye ndani ya trela, waulizeni wao mnapofika. Mbwa anayebweka saa tano mfululizo, jirani atawaita, na walinzi watakuja mkiwa hampo.

Basi mbwa akae na nani?

Kwa mara ya kwanza, na mbwa ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba, ushauri wangu ni mmoja: mtu mzima mmoja abaki naye kambini. Nunueni tiketi tatu badala ya nne. Najua inauma, hasa kama nyote wawili mna hamu ya Kinnick, lakini pia inawapunguzia gharama, na anayebaki hakosi mechi. Trela nyingi zina antena ya paani. Washa kitufe chake cha kuongeza nguvu (huwa na taa ndogo ukutani karibu na tundu la waya wa televisheni), ielekeze kaskazini, upande iliko minara ya Cedar Rapids na Waterloo, kisha televisheni itafute chaneli upya. Mechi zinazorushwa na vituo vikubwa vya wazi mtazipata bure. Ile iliyopangiwa chaneli ya Big Ten, ligi ya Hawkeyes, inahitaji malipo, au redio.

Njia ya pili ni kumpata mtu wa kukaa na mbwa palepale kwenye trela. Iowa City na Coralville zina familia nyingi za Wakongomani wanaosema Kiswahili, na kama mna ndugu au marafiki huko, kijana wa miaka 18 anayependa mbwa na asiyejali mpira ndiye mnayemtaka. Akutane na mbwa Ijumaa jioni, amlishe kwa mkono wake, watembee pamoja. Msimletee mbwa mtu mgeni asubuhi ya mechi. Mwachieni ufunguo wa trela, ufunguo wa gari kama lipo, na jina la kliniki ya wanyama inayofungua saa 24 mliyoitafuta kabla ya kuondoka nyumbani.

Ya tatu ni bweni la mbwa mjini. Ni njia nzuri, ila mabweni hujaa katika siku za mechi za nyumbani, na yatataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ya magonjwa ya kawaida ya mbwa, na mara nyingi ile ya kikohozi cha bweni. Hiyo ya mwisho ipigwe wiki moja au mbili kabla, si siku ileile.

Mwishoni mwa Oktoba, nje kukiwa na nyuzi 8 na mawingu, hatari ya joto hupungua sana na mbwa aliyezoea trela anaweza kubaki peke yake saa mbili. Hata hivyo si saa saba.

Saa ya mechi hubadilisha kila kitu

Tarehe za mechi hutangazwa mapema sana, lakini saa ya kuanza mara nyingi hujulikana siku 12 kabla, na wakati mwingine 6, kwa sababu televisheni ndizo zinazochagua. Nafasi ya kambi, kinyume chake, inabidi ishikwe miezi kadhaa kabla kupitia tovuti ya Recreation.gov. Mwisho wa juma wa mechi kubwa hujaa siku dirisha linapofunguliwa. Kwa hiyo mnashika Ijumaa na Jumamosi bila kujua saa, halafu mnapanga.

Mechi ya saa tano asubuhi ndiyo mbaya zaidi kwa mbwa na nzuri zaidi kwa watoto: mtatoka kambini saa mbili na nusu, mtarudi alasiri, na mbwa anapitia saa kali za jua. Anayebaki amtembeze kabla ya saa tatu asubuhi, halafu wakae kivulini. Mechi ya saa nane na nusu mchana ni ya wastani. Ile ya saa kumi na mbili na nusu jioni ina baridi nzuri, lakini mtarudi karibu saa sita usiku, na kanuni za kambi zinataka kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa aliyewangoja jioni nzima atabweka kwa furaha. Piga simu mkiwa njiani ili aliye naye amtoe akutane nanyi penye maegesho.

Mkishafika uwanjani msitoke vitini mwishoni mwa robo ya kwanza. Tangu 2017 uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa katika hospitali ya watoto iliyo kando yake, nao hupunga kutoka madirishani. Waonyesheni watoto wenu.

Jambo moja la kalenda: kambi za Coralville hazikai wazi mwaka mzima, ilhali msimu wa mpira huenda hadi mwisho wa Novemba. Angalieni tarehe ya kufunga ya kambi mnayoitaka kabla ya kulipa. Mkiwa na mzazi wa miaka 62 au zaidi mnayesafiri naye, aliye raia au mkazi wa kudumu, kadi ya wazee ya mbuga za taifa hupunguza nusu ya ada ya nafasi katika kambi za Wahandisi hawa. Wengi wetu hawajui kwamba inawahusu.

Kufika na kusimamisha trela

Fikeni kabla ya saa kumi jioni Ijumaa. Kurudisha nyuma trela ya futi 24 gizani kati ya majirani wanaokula ni mateso yasiyo na sababu.

Njiani mbwa asikae ndani ya trela. Hakuna anayemwona, hakuna AC, na breki za ghafla zitamrusha. Akae kwenye gari linalovuta, ndani ya kizimba kilichofungwa au kwa mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti.

Mkiingia kwenye nafasi, mbwa abaki garini na mtu mmoja mpaka kazi iishe. Weka pimamaji sakafuni mlangoni. Sawazisha kulia na kushoto kwanza, kwa kupandisha tairi za upande ulio chini juu ya mbao au vipande vya plastiki. Kisha tia kabari mbele na nyuma ya tairi za pande zote mbili, ndipo ufungue trela kutoka kwenye gari. Kuinua au kushusha pua kwa jeki ya mbele huja mwisho. Jeki nne za pembeni hazikuwekwa kuinua trela. Ni za kuizuia isitikisike, na ukizilazimisha kubeba uzito utapinda fremu. Udongo wa kando ya mto ni laini, hivyo weka kipande cha ubao chini ya kila jeki. Friji ya gesi na umeme inataka trela iwe sawa, la sivyo haipoi na hatimaye hufa.

Umeme una mpangilio wake: breka ya nguzo ikiwa imezimwa, chomeka kifaa cha kinga, washa breka, soma taa au namba zake, na zikiwa sawa, zima tena, chomeka waya wa trela, washa. AC ya trela msiichomeke kwenye soketi ya nyumbani ya ampea 15 kwa adapta.

Maji: baadhi ya nafasi kwenye kambi hizi zina umeme peke yake, bila bomba. Soma maelezo ya nafasi yenu. Kama hakuna bomba, jaza tangi kwenye mfereji wa kambi kabla ya kuegesha. Galoni 40 zina uzito wa kilo 150 hivi, kwa hiyo msivute tangi lililojaa kutoka Des Moines. Tumieni mpira wa maji ya kunywa, mweupe au wa bluu, si ule wa bustani, na kama mnaunganisha moja kwa moja wekeni kipunguza presha cha psi 40 hadi 50.

Mbwa na mto

Labrador akiona maji haulizi ruhusa. Hapo chini ya bwawa sitaki aogelee kabisa. Wahandisi huachilia maji kulingana na kina cha ziwa, kasi ya mto hubadilika, na karibu na mlango wa bwawa maji hujikunja chini kwa chini yakirudisha kitu kulekule kilikotoka. Msimrushie mpira majini huko. King'ora kikilia, ondokeni ukingoni wote.

Kwa habari ya kamba, kanuni ni futi sita, yaani chini ya mita mbili. Kamba ndefu ya kujikunja yenyewe haitakubaliwa, na hata ikikubaliwa ni hatari pale ambapo kila baada ya hatua 20 kuna moto wa kuchomea nyama. Mkimfunga kambini, mfungeni kwenye fremu ya trela, wala si kwenye mguu wa turubai la kivuli. Labrador wa kilo 30 akimfuata kuchakulo atang'oa turubai zima. Kigingi kwenye mchanga wa ukingoni hakishiki. Bandikeni kipande cha utepe kwenye mkanda wake wa shingoni chenye namba ya simu na namba ya nafasi yenu, kwani anwani ya Des Moines haitamsaidia anayemkuta usiku.

Eneo la chini ya bwawa hupendwa na wavuvi, na hapo ndipo kuna hatari ambayo wageni hawaitarajii: ndoana zenye chambo zilizotupwa, na samaki waliooza. Kaguni ukingo kabla ya kumwachia anuse. Akimeza ndoana na mshipi unaning'inia mdomoni, msiuvute, maana mtapasua koo. Kateni mshipi ukiwa na urefu wa kiganja uliobaki nje, mpelekeni kwa daktari. Ndoana iliyomchoma mguuni sukuma ncha itokeze upande wa pili, kata ncha hiyo yenye kijino kwa koleo, kisha rudisha iliyobaki, ila kama atawauma, mwachieni daktari.

Upande wa juu, ziwani, mwisho wa kiangazi huleta mwani wa bluu-kijani. Maji huonekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani, au yana utando. Sumu yake huua mbwa ndani ya saa chache na haina dawa ya kuibatilisha. Akiingia, mwosheni haraka kwa maji safi kabla hajajilamba, kisha kliniki. Fukwe za kuogelea za watu ni marufuku kwa mbwa kwa vyovyote. Matembezi mazuri kwake ni kwenye bonde la mawe ya kale karibu na bwawa, lililofichuliwa na mafuriko ya 1993 yalipopita juu ya kingo na kuondoa udongo. Mawe yale yana visukuku vya viumbe wa baharini wa miaka milioni 375 iliyopita. Nendeni asubuhi, mawe yakishapata jua huchoma nyayo.

Maji ya kunywa yatoke bombani au nyumbani, si mtoni. Mbwa wenu anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na zaidi siku ya joto. Mkojo wa rakuni na panya ukingoni hubeba leptospirosisi, ugonjwa uleule ambao Tanzania iliuita homa ya mgunda ulipotokea Lindi mwaka 2022, na huambukiza watu pia. Chanjo yake kwa mbwa ni sindano mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, hivyo anzeni mwezi Julai. Dawa ya kupe aipate kabla ya safari, kwani kupe wa kulungu wa Iowa huamka tena majani yanapoanza kuanguka.

Chakula, wageni na kelele

Harufu ya nyama itajaa kambi nzima kuanzia asubuhi. Iowa ni nchi ya mahindi, na kitu kinachowapeleka mbwa wengi kwenye meza ya upasuaji ni gunzi. Mbwa humeza kipande kizima, hakisagiki tumboni, kinaziba utumbo. Dalili ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kutokwenda haja, na zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaofungika, na magunzi yaingie humo palepale, si mezani. Mifupa ya mabawa ya kuku, vitunguu, zabibu, chokoleti, vijiti vya mishikaki, na chingamu isiyo na sukari yenye zailitoli (xylitol, kiungo cha utamu kilicho sumu kwa mbwa) vifuate mkondo huohuo. Waambieni watoto wa jirani kwa upole kwamba mbwa huyu halishwi na mtu mwingine.

Mkialika jamaa kuchoma nyama, fikirini nao. Wapo wanaoogopa mbwa kwa sababu walikokulia mbwa ni mlinzi wa usiku anayeuma, na wapo Waislamu ambao hawataki mate ya mbwa yawaguse wakiwa wanakwenda kuswali. Mbwa awe ndani ya kizimba au upande wa pili wa trela wakati wa kula, mwekeeni vyombo vyake mbali na maji ya kunawia, na mgeni asilazimishwe kumzoea.

Kwa kelele, mazoezi ni nyumbani. Wiki tatu kabla, mkiweza kuipata trela mapema, ilazeni uani na mlale humo na mbwa usiku mmoja au miwili. Kama trela mtaichukua siku ya safari, mzoesheni kizimba chake nyumbani, na kizimba hicho ndicho kiende kambini. Feni ikiwashwa karibu naye hufunika milipuko ya fataki na mayowe ya goli. Kama ni mbwa anayetetemeka radi ikipiga, daktari wa wanyama anaweza kumwandikia dawa ya kutuliza, na dozi ya kwanza mumjaribu nayo nyumbani mkiwa naye, kwani mbwa mmoja hulala na mwingine huhangaika zaidi.

Jumapili

Foleni ya kituo cha kumwaga maji taka huwa ndefu kuanzia saa tatu asubuhi. Nendeni saa moja, au subirini hadi karibu na saa ya mwisho ya kutoka. Siku zote tatu valvu ya tangi la choo ibaki imefungwa. Ikiachwa wazi maji hutoka, uchafu hubaki ukikauka chini kama zege. Mwageni la choo kwanza, kisha la maji ya kuoshea, ili haya ya pili yasafishe mpira. Vaeni glavu. Kinyesi cha mbwa hakiingii humo, kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa jalalani. Kuni zilizobaki ziacheni hapohapo. Msizirudishe Des Moines, kama ambavyo hamkupaswa kuja nazo, kwa sababu ya mdudu anayeua miti iitwayo ash kwa Kiingereza.

Kabla ya gari kuondoka, mtu mmoja aizunguke trela kwa miguu akitaja kwa sauti: antena chini, ngazi juu, jeki juu, kabari zimetolewa, waya na mpira zimechomolewa, turubai limekunjwa, kamba ya mbwa haijafungwa kwenye fremu, mbwa yuko garini. Hilo la mwisho aliguse kwa mkono.

Mkifika nyumbani, kabla hajaingia ndani, mpapaseni kinyume cha manyoya: nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, kinenani na katikati ya vidole. Kupe aliyeuma ng'oeni kwa kibano kilichogusa ngozi, mkivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme mara nyingi huhitaji zaidi ya saa 24 za kupe kushikamana ndipo wapite, kwa hiyo ukaguzi ufanyike Jumapili ileile, na wa pili Jumatatu jioni.